Mlima Hauna Kosa

Mtu akitangaza kwamba atapanda baiskeli peke yake kutoka Chimala hadi nyanda za juu za Kitulo, washauri hujitokeza kabla hajamaliza kusema. Mmoja atamtajia simba, wa pili majambazi, wa tatu atataka kujua kama ameandika wosia. Hakuna atakayemuuliza kama pampu yake inaingia kwenye mdomo wa tyubu yake, na kwangu mimi hilo ndilo swali la maana kuliko yote. Ninadai kwamba safari ndefu za baiskeli milimani huvurugwa na vitu vidogo ambavyo msafiri amevitoa nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, kisha lawama zote akautupia mlima. Mlima, maskini, upo hapo tangu enzi, haujasogea hata hatua moja kumfuata mtu.

Tuanze na mshtakiwa mwenyewe. Chimala iko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, mashariki ya jiji la Mbeya, chini ya ukuta wa milima. Kutoka hapo njia ya kwenda Matamba hupanda kwa kona zilizohesabiwa moja moja, jumla 57, na wenyeji hawakuona haja ya kuhangaika na jina: ni Hamsini na Saba, basi. Huko juu ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2005, kilometa za mraba zipatazo 413 kwenye mwinuko wa kama mita 2,600, yenye maua mengi hata ikaitwa Bustani ya Mungu. Mnyama wake mashuhuri ni kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka huohuo wa 2005, ingawa wazee wa Rungwe walikuwa wakimjua siku zote. Kwa hiyo hatari ya kuliwa ni ndogo mno. Hatari ya kuaibika ndiyo kubwa, kwa sababu maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, na kinachoyachanusha ni mvua ileile inayogeuza njia kuwa udongo wa kufinyangia vyungu. Udongo huo hujikusanya kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo msafiri aliyekuja kupanda baiskeli hujikuta baiskeli imempanda yeye, begani. Akisema atakwepa matope kwa kwenda Julai, atakutana na baridi ya huko wilayani Makete inayogandisha umande, na maua yamekwisha kwenda zao. Ila kalenda hiyo haikufichwa. Kila mkulima wa viazi wa huko anaijua.

Ushahidi wa pili uko kwenye keria. Tuseme mtu, baiskeli na mizigo vyote ni kilo 100, na kutoka chini hadi juu ni mita 1,500 hivi. Mtu wa kawaida anayekanyaga pedeli kwa muda mrefu hutoa nguvu ya kama wati 100, na ukipiga hesabu utapata zaidi ya saa nne za kupanda tu, kabla hujagusa mawe, vumbi na mapumziko ya kujifanya unapiga picha. Katika hesabu hiyo kila kilo kumi hula takriban dakika 25. Ndipo inapofaa kuuliza zile kilo kumi ni nini hasa: sufuria ya pili, viatu vya jioni, kitabu kinene cha kusoma kileleni, na kopo la kahawa kwa mgeni ambaye hakualikwa. Tena mzigo ukirundikwa wote nyuma, gurudumu la mbele huanza kunyanyuka kwenye kona kali kama punda aliyekataa kazi. Thomas Stevens alipoanza kuizunguka dunia mwaka 1884 kutoka San Francisco, juu ya baiskeli ya zamani yenye gurudumu refu mbele, alibeba soksi, shati la akiba, bastola na koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma huku kwetu Afrika Mashariki kumtafuta mvumbuzi Stanley. Naona walichagua vizuri: mtu asiyebeba vitu vingi ana muda wa kutafuta watu.

Halafu kuna pancha, mama wa visa vyote. Msafiri amenunua baiskeli ya kisasa yenye tyubu za mdomo mwembamba, na kijiji kizima kina pampu za mdomo mnene. Upepo wa mlima unamvumia kila upande, unapeperusha hata kofia yake, lakini hakuna namna ya kuuingiza kwenye tairi. Akiwa na pampu inayofaa, bado kuna ufundi wa kuziba. Tyubu huzamishwa kwenye karai la maji mpaka vipovu vionyeshe tundu, hukaushwa, hupigwa msasa, hupakwa solusheni, na solusheni huachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi, akarudia kazi kona mbili mbele. Na mwenye haraka kuliko huyo huziba tundu kiungwana, akajaza upepo, akafunga mizigo yote, huku mwiba ungali umekaa ndani ya tairi ukimsubiri.

Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, ungedhani walikuwa na breki mikononi. Kilo 100 zikishushwa mita 1,500, nguvu yote iliyopandishwa kwa jasho lazima iishie mahali, na kwenye njia ya kona, isiyoruhusu mwendo, sehemu kubwa huishia kwenye breki. Joto hilo lingekusanywa lote lingechemsha zaidi ya lita nne za maji, chai ya kutosha watu kumi na watano. Kwa kuwa hakuna aliyeleta birika, rimu ndiyo inayochemka, upepo ndani ya tyubu unatanuka, kiraka kinalegea, na mara nyingine tyubu hupasuka kwa kishindo. Kinyume chake, kwenye mwinuko wa mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage hukaa sufuriani yakimtazama mpishi. Juu chakula hakiivi, chini baiskeli inaiva.

Watakuwapo wa kusema: si apande basi tu? Dervla Murphy alitoka Ireland mwaka 1963 akaendesha baiskeli hadi India, na kabla ya kuondoka aling'oa mfumo wa gia kwa kuuona hautahimili njia. Mbavu zake zilivunjwa Afghanistan kwa kitako cha bunduki, akiwa ndani ya basi. Mwaka 1992, akiwa na miaka 60, aliendesha tena kutoka Kenya hadi Zimbabwe, kwa baiskeli, na simlaumu. Wengine watasema wabeba mkaa na viazi huvuka milima kila siku kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, bila wati wala hesabu. Hao ni mashahidi wangu bora. Watazame vizuri: kwenye kilima hushuka wakasukuma, bila kuona aibu. Mzigo wameufunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, na vipande hivyohivyo ndivyo viraka vya kesho. Anayeona aibu kusukuma ni mgeni, na aibu hiyo humvunjia cheni.

Pingamizi zito ni la wanaosema mlima unaua kweli, hasa aliye peke yake. Nakubali. Ukungu hufuta njia, baridi ya usiku haina mzaha, na mguu ukivunjika pasipo watu ni msiba. Lakini fuatilia namna mtu anavyofika kwenye ukungu huo usiku. Alichelewa saa mbili kwa pancha, saa moja kwa matope, nusu saa kwa sufuria ya pili. Mlima unamalizia tu kilichoanzishwa na mwiba, na mwenzi wa safari asingeuona mwiba huo kama naye ana haraka ya kufika.

Basi ukienda, waache washauri na simba wao. Waambie watu wa chini unapita njia gani na unatarajiwa lini, acha kopo la kahawa nyumbani, sukuma pale wenyeji wanaposukuma. Na siku ya pancha, kabla hujairudisha tyubu, pitisha kidole polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima. Mwiba bado umo.