Tembo Mwenye Singlendi

Rangi tunayochorea sisi watu wa Tingatinga ni ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli. Ikikauka inang'aa, na mnunuzi akiiona ana kwa ana mkono wenyewe unaelekea mfukoni. Tatizo ni kwamba mbele ya kamera ya simu mng'aro huo ni kioo. Nilibandika mtandaoni picha ya tembo niliyemhangaikia wiki nzima, na kabla sijaweka simu chini mtu akaandika: "Tembo mzuri, ila huyo jamaa wa singlendi tumboni mwake ni nani?" Nikaikuza. Alikuwa mimi, simu usoni, kitambi mbele, na nyuma yangu kamba ya nguo ya wapangaji wote, hata zile nguo ambazo wenye nazo huzianika chini ya khanga. Siku hiyo kulikuwa na upepo.

Mfuatiliaji wangu mwaminifu kuliko wote ni shangazi. Hapitwi na picha, na kwake uwanja wa maoni ni ukoo mzima umekaa jamvini. Mgeni mmoja alikuwa ameanza kuulizia vipimo vya twiga wangu, kwa heshima zote, shangazi akaingia: "Hongera mwanangu. Ule mchango wa harusi ya mdogo wako mbona hujatuma?" Wakafuata binamu kuthibitisha kwamba kweli sijatuma. Yule mgeni hakuonekana tena.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo huu Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakupata taabu hizi. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay, na mkewe Agatha alisaidia kuziuza. Mteja alisimama, akainama, akapatana bei, akaondoka na picha kwapani. Sidhani kama kuna aliyemuuliza Agatha anapaka losheni gani. Mimi naulizwa. Kigoda ninachoegemezea picha kimeulizwa bei kuliko picha zenyewe, na lile pazia la nyuma kuna dada wa Mbezi ameshaniomba nimpeleke lilikonunuliwa.

Halafu kuna hilo "Bei?" lenyewe. Ukiitaja hadharani, wasanii wenzako wananuna kwamba umewaharibia soko. Usipoitaja, unaringa. Kwa hiyo sote tunajibu "njoo inbox". Anakuja. "Mambo." "Poa." "Bei?" Unamtajia. "Sawa, nitakucheki." Hapo mmeagana mpaka ahera.

Kitu kimoja tu nilidhani tumebarikiwa nacho: mraba. Hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata futi mbili kwa mbili unapata vipande vinane na hutupi hata chembe, ndiyo maana picha nyingi za Tingatinga ni za mraba. Mtandao wa picha ninaobandikia ulipozaliwa mwaka 2010 ulipokea mraba peke yake, nami nikajiona kama niliyewekewa kiti. Mwanzoni mwa 2025 wenyewe wakavirefusha vijisanduku vya ukurasani, na picha za mraba zikaanza kuonekana zimefyekwa kulia na kushoto. Sasa tembo, kulia ana mkonga, kushoto ana mkia. Ukurasa wangu ukabaki na viwiliwili vyenye miguu. Mtu akaniuliza kama yule nguruwe wa kijivu anauzwa. Kodi ilikuwa imekaribia, nikamwambia njoo inbox.

Blogu niliiacha zamani. Humo nilieleza falsafa ya kila ndege niliyemchora, na msomaji wangu alikuwa mpwa wangu, ambaye naye alisoma kwa kuahidiwa vocha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipokuja na leseni ya blogu ya shilingi milioni moja, mbali na laki moja ya maombi, nilimtazama mpwa, nikaona hafikii thamani hiyo.

Kilichonipa jina ni umeme wa LUKU. Nilikuwa mubashara uani, nawaonyesha watu namna ya kumdonoa chui madoa, watazamaji wenyewe ni shangazi na wengine wa kuhesabika. Mara nyuma yangu pakachangamka: nani kapiga pasi usiku mpaka uniti zikaisha? Mama wa chumba cha mbele alikuwa na hoja. Mama wa chumba cha nyuma alikuwa na sauti. Watazamaji wakaanza kupanda kama maji ya Jangwani wakati wa masika. "Kaka, toa huyo chui, geuza kamera!" Nikageuza. Ugomvi ulipokwisha nikarudi kwenye madoa yangu, nao wakatoka wote, shangazi akiwa wa kwanza. Kesho yake inbox imejaa: sehemu ya pili lini?

Mmoja wao, Mtanzania anayeishi Muscat, alikwenda mbali zaidi. Alituma nusu ya pesa bila hata kuomba apunguziwe, akataka nimchoree ugomvi ule. Nikaona sawa, kwani Tingatinga si wanyama tu. Zipo picha za hospitali, za waganga, za sokoni, watu wamejazana hadi pembeni. Nikawachora mama wote wawili, mita ya LUKU katikati, pasi inafuka moshi, na chui anachungulia dirishani kwa kuwa rangi yake nilikuwa nimeshainunua. Nikaibandika.

Maoni ya kwanza yalitoka chumba cha nyuma: "Bei?"

Kwa mazoea nikajibu, "Njoo inbox."

Dirisha langu likagongwa.

"Haya baba, nimekuja," akasema. Pembeni yake, kwa mara ya kwanza tangu pasi ile, alisimama mama wa chumba cha mbele. "Na mwenzangu huyu hapa. Mgawo wetu shilingi ngapi?"