Nitagombana na Nani?

Mpwa wangu anasoma Wuhan, China. Juzi kanipigia simu ya video akiwa ndani ya teksi na mwenzake wa darasani. "Mjomba, hebu muone dereva wetu!" Nikavaa miwani. Kiti cha mbele kitupu, usukani unazunguka wenyewe kama umepandisha mashetani. Nikavuta uradi. Yeye anacheka.

Gari hilo la Baidu. Kampuni hii Robin Li na mwenzake Eric Xu waliianzisha Beijing mwaka 2000 kwa kazi moja ya heshima: kutafutia watu mambo mtandaoni. Hata jina lake limetoka kwenye shairi la enzi ya Song, la mtu anayemtafuta mpenzi wake kwenye umati wa watu, mara mia na zaidi. Siku hizi kutafuta hakutoshi, wanataka kujibu. Machi 2023 wakazindua Ernie, roboti ya maongezi, lakini maonyesho ya siku hiyo yalikuwa yamerekodiwa kabla, na hisa zikaporomoka siku ile ile. Wenye hisa ni kama wakwe: huwezi kuwaita waje kumwona bwana harusi, ukawaonyesha picha.

Na hawakuishia kwenye kujibu, wanaendesha pia. Julai 2017 Li mwenyewe alipanda gari la kujiendesha katika barabara za Beijing, video ikaonyeshwa mkutanoni. Polisi wakaanza kuchunguza, na baadaye Li akakiri kwamba faini ilikuja. Nikafarijika. Trafiki angalau alijua karatasi ampelekee nani.

Sisi abiria je? Huko Wuhan teksi hizo zina jina ambalo kwa Kichina ni kama kusema "Figili, kimbia!" Mwaka 2024 wenyeji wakalalamika kwamba figili yenyewe haikimbii: ina adabu mno, inasitasita, foleni inajaa nyuma yake. Wakaibatiza figili zubavu. Madereva wa teksi nao wakalia na bei, maana safari waliyotoza yuani 18 hadi 30, yenyewe ilibeba watu kwa yuani 4 hadi 16.

Mimi nauli ya chini siikatai. Nilichomuuliza mpwa ni kingine.

"Akikuzungusha njia ndefu, unamwambia nani?"

"Haipotei, Mjomba."

"Akifungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka?"

"Hafungulii."

"Ukimwambia una mgonjwa nyumbani, anakupunguzia?"

Kimya. Nikajua nimemshika.

Watu hawaelewi kazi ya daladala. Konda hana chenji, dereva amesimama kituoni anamsubiri abiria ambaye bado anaoga kwao. Hapo ndipo mimi huanza: nafoka, wenzangu wanaitikia, bibi wa siti ya nyuma anamalizia. Nikishuka, hasira zote za ofisini nimeziacha garini, naingia nyumbani mpole kama maji ya mtungi. Mke wangu anajua. Siku nikipewa lifti, jioni yake sikaliki.

Julai 2019, Li akiwa jukwaani Beijing anaeleza mambo ya akili mnemba, mtu mmoja alipanda akammwagia maji kichwani. Utovu wa adabu mkubwa, siutetei. Li alishangaa kidogo, kisha akaendelea na hotuba. Lakini yule mtu, pamoja na ubaya wake, alipata wa kummwagia. Hilo gari lisilo na dereva, ukilimwagia maji umelisaidia kuoga.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahandisi, wa China na wa kwingineko. Magari yenu yakifika huku, hatutayapiga mawe. Wekeni tu kiti kimoja cha konda. Hana haja ya kufanya kazi yoyote. Akae pale mlangoni, atukosee chenji.