Mhadhara wa Bingwa Pekee Kuhusu Mchongaji Asiyefundishwa

Elimu ya uchongaji, ambayo katika eneo lote la Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, ina bingwa mmoja tu, naye ndiye mtoa mhadhara huu, inafundisha kwamba mchongaji aliyejifunza mwenyewe ana mikono inayojua na kichwa kinachosubiri kuambiwa. Ubingwa huo haukutolewa na chuo chochote, kwa kuwa hakuna chuo kilichofikia kiwango cha kuutoa. Bingwa aliutwaa mwenyewe, akauthibitisha mwenyewe, na rufaa zote dhidi yake husikilizwa naye. Tofauti kati ya kujifundisha uchongaji, ambako ni upungufu, na kujifundisha ubingwa, ambako ni kipaji, itaelezwa muda ukiruhusu.

Istilahi zitangulie. Tezo ni kifaa chenye bapa la chuma lililokingama na mpini, ambalo mchongaji hulishusha kuelekea kwake, kati ya miguu yake, likiambua gogo kipande baada ya kipande; bingwa amelitazama likifanya kazi kutoka umbali unaofaa kitaaluma. Kinu, yaani chombo cha kutwangia karanga au mihogo mikavu, huchongwa gogo likingali bichi, maana mti mkavu hulikataa tezo, kisha huachwa kivulini kikauke polepole, kwa sababu jua likiupiga mti mbichi, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na ufa hufunguka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Mchongaji wa vinu wa kando ya barabara ya Tororo anayajua hayo bila kuyasoma popote, na ndiyo maana hukifunika kinu kipya kwa gunia na kukizungushia maranda. Alipoulizwa na bingwa ni nadharia gani inayomwongoza, alijibu kuwa kinu kikipasuka mama wa watu atakuja kudai pesa yake, jibu lililoandikwa kwenye daftari la bingwa chini ya kichwa "Ukimya wa Kinadharia".

Mfano mkuu wa tatizo la mchongaji aliyejifunza mwenyewe ni Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Mumias, mji usio mbali na Busia, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipouhamishia mkoa mzima upande uliokuja kuitwa Kenya, bila wenyeji kusogeza hata jiwe moja la jiko. Inasimuliwa kwamba utotoni alivutiwa na sanamu ya Bikira Maria kanisani, akaanza kufinyanga sanamu zake za udongo bila mwalimu, na udongo huo ukamfikisha Chuo cha Makerere kwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko mwaka 1937. Hivyo Maloba akagunduliwa, jambo ambalo bingwa analiunga mkono kwa nguvu zote, kwani wachongaji wasipogunduliwa wataalamu wengi watakosa kazi. Inaudhi tu kwamba sanamu zilitangulia kuwepo kabla ya mgunduzi. Mwaka 1941, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 19 hivi, alitoa sanamu ya mbao iitwayo Kifo, na hapo hata bingwa hunyamaza kidogo, ingawa si kwa muda mrefu.

Wapolandi nao walipatwa na hali hiyo hiyo. Jędrzej Wowro, mkulima aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1937, aliishi Gorzeń Dolny karibu na Wadowice, asijue kusoma wala kuandika, akichonga watakatifu na Kristo aliyeketi ameshika tama, hadi mwandishi Emil Zegadłowicz, jirani yake, alipomtangaza kwa wasomi. Bingwa anausifu ujirani huo, ambao ulipunguza sana gharama za utafiti.

Tukirudi kwa Maloba, kazi yake inayojulikana zaidi ni Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, ambapo mwanamke aliyezongwa nguo mwilini anamwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Mnara huo ni wa saruji, na kwa kuwa Tororo ina kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, bingwa angependa sana saruji hiyo iwe ya Tororo, na kwa kupenda huko anaona jambo limekwisha kuthibitika. Kilicho wazi ni kwamba picha ya mnara imo katika noti za Uganda zilizotolewa kuanzia mwaka 2010, kwa hiyo wabadilisha fedha wa Busia, wanaosimama juani na mabunda mikononi wakiwaita abiria, hushika kazi ya mzaliwa wa Mumias kutwa nzima, wakaihesabu kwa kidole gumba kilicholoweshwa mate, wakaivusha mpaka mara nyingi kuliko mtaalamu yeyote, wala hawajapata kuomba kufafanuliwa. Bingwa amewahi kujitolea kuwafafanulia, wakamuuliza anabadilisha shilingi ngapi.

Hadhira inaarifiwa kwamba ada ya mhadhara huu hupokelewa kwa shilingi ya upande wowote wa mpaka, na kwamba mchongaji wa vinu, ambaye benchi lake ndilo lililokaliwa muda wote huu, hajaalikwa kuzungumza.