Kasha la Mjomba

Wanaomcheka mjomba wangu hapa Mokowe hawajui maana ya usalama. Ameagiza kipochi cha sarafu za mtandaoni, kidude kama flashi ambacho ufunguo wa siri hautoki ndani yake. Kimeletwa na basi la Mombasa kimezongwa selotepu utadhani yai la mbuni.

Anataka kufungia Ethereum zake zimzalie. Anayetaka kuhakiki miamala kwa mtambo wake mwenyewe huanzia sarafu 32. Mjomba ana robo ya moja, lakini nia ndiyo mtaji.

Kidude kikampa maneno 24: kikizama baharini, maneno hayo hurudisha mali yote. Wachoyo huyaandika karatasini wakayaficha. Mjomba si mchoyo. Ameyapiga picha, akayatupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Amu mpaka Maskati, lisipotee hata moja. Na yule kijana mpole wa Telegramu, aliyemwahidi faida ya asilimia 20 kwa mwezi, alipoyaomba “kuhakiki pochi”, akatumiwa papo hapo, pamoja na salamu za Idi. Nahodha hodari hutia nanga mbili, kisha humkabidhi mpita njia kisu cha kukatia amari.

Kidude chenyewe kimo ndani ya kasha, kufuli tatu, funguo kazifunga kwenye pindo la kikoi. Jana alfajiri nimemkuta amelikalia, bakora mkononi.

“Mwanangu, hapa hapiti mwizi.”

Kweli. Hakupita hata paka.