Lamborghini Mtaa wa Kongo

Eti pesa isingekuwa tatizo, ningenunua Lamborghini? Aventador inafika kilomita 350 kwa saa. Sheria ya mjini inasema 50, na Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, siku ya Jumamosi unasema sifuri. Mbele mkokoteni wa majora ya vitenge, nyuma bajaji inakupigia honi, na mmachinga ameshapanga ndoo zake juu ya boneti (ambayo kwa gari hilo ni buti, injini iko nyuma). Mvua ikinyesha na Jangwani kukajaa maji, hupiti, maana tumbo la gari haliko hata shubiri moja kutoka kwenye lami. Hela hizo, bwana, mimi natoa kilemba cha fremu Mtaa wa Aggrey. Chenji ikibaki, napanda basi la mwendokasi. Angalau lina njia yake.