Tui la Kopo Limeingia Kibiti

Msomaji mwenzangu, kama una mke, watoto na mashemeji, huhitaji utangulizi mrefu. Mdogo wake mke wangu, yule tunayemwita Bosi wa Mbagala, alishuka stendi ya Kibiti Ijumaa moja na boksi zito, na kabla hatujamaliza kusalimiana akatangaza kwamba ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Sasa ni mimea tu. Ndani ya boksi mlikuwa na mapakiti ya nyama ya soya, soseji za mimea, siagi ya mimea na makopo ya tui la nazi.

Tui la kopo, Kibiti! Mtu amepita Mkuranga, amepita Bungu, minazi imempungia mkono njia nzima, na bado amelipakata kopo mpaka mlangoni.

Siku hiyohiyo mama mkwe alikuwa ameingia kutoka delta. Wajukuu wanamwita Bi Kifumbu kwa sababu hasafiri bila kifumbu chake cha kukamulia nazi. Alikuja kwa boti mpaka Nyamisati, akapanda gari, akatufikia na kiroba cha nazi na fungu la kamba wakavu. Alilichukua kopo, akaligeuza huku na huku, akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, nazi hii imeugua nini mpaka ifungwe humu?"

Bosi akajibu kwamba ni chakula cha afya. Hapo binti yetu Zuhura, ambaye kwa jina la nyumbani ni Mkaguzi, akalidaka kopo. Huyu mtoto husoma hata gazeti lililofungia maandazi. Akasoma kwa sauti: nazi, maji, E412, E435, E224.

"Hizo si namba za magari?" akauliza Bi Kifumbu.

Nikaona niseme. E412 ni unga wa mbegu za guar, jamii ya kunde inayolimwa sana India na Pakistani. Kazi yake ni kulifanya tui liwe zito. E435 hushikanisha mafuta na maji visiachane. E224 huzuia tui lisigeuke rangi, nayo ni ya jamii ya salfa. Loo, neno salfa lilitosha! Bi Kifumbu ana mikorosho, na salfa anayoijua ni ile ya unga inayopulizwa kuzuia ubwiriunga. Akalisukuma kopo kwa ncha ya mchi mpaka nje ya kizingiti. Nilieleza kwamba ile ya mkorosho na hii ya kopo si kitu kimoja, na kwamba hii hutiwa kidogo na kwa kipimo kilichowekwa. Lakini mwenye pumu anaweza kubanwa kifua kwa vihifadhi vya aina hii, na mke wangu ana pumu. Kwa hiyo kopo lilibaki nje, na mjadala ukafungwa bila kura yangu.

Mkaguzi hakuridhika. Usiku akaweka bakuli mbili kando ya mtungi: moja ya tui la bibi, nyingine ya tui la mjomba. Asubuhi tui la bibi lilikuwa limejitenga, mafuta juu, maji chini, na harufu imeanza kuchachuka. Tui la kopo lilikuwa jeupe na laini kama lilivyomiminwa. Bosi akapiga makofi. Lakini mtoto akauliza swali ambalo sisi watu wazima hatukuliuliza: "Kwani la bibi lilitakiwa kusubiri mpaka asubuhi?"

Msomaji, kiini cha habari yote ni hicho. Viungio vingi ni malipo ya kusubiri. Chakula kitakaa ghalani, kitasafiri melini, kitapangwa rafuni, na muda wote huo kisiachane, kisioze, kisipauke. Anayeishi mbali na mnazi ana sababu ya kuyalipa malipo hayo. Sisi tunakuna, tunakamua, tunapika na kula saa ileile. Tulipie kusubiri kwa lipi?

Tukiwa katikati ya maneno hayo, kitindamimba wetu, Mzee wa Mabeseni, alikuwa uani. Alimimina mapakiti yote ya nyama ya soya kwenye beseni la maji ya kufulia, na bahati nzuri sabuni ilikuwa haijatiwa. Vile vipande vikavu vikanywa maji, vikafura, vikainuka mpaka ukingoni, vikaanza kudondokea kuku. Kuku hawakulalamika. Sisi tulikula soya mchana, usiku, na kesho yake tena.

Siwezi kuisema vibaya soya ile. Soya hukamuliwa mafuta, mara nyingi kwa kiyeyushi, na makapi yanayobaki husagwa, kisha unga wake husukumwa ndani ya mashine yenye joto na mgandamizo mkali. Unapotoka upande wa pili hufura na kubaki na matundu, ndiyo maana hunywa mchuzi vizuri. Karibu nusu ya uzito wake mkavu ni protini. Cha kuchunga ni kile kipakiti kidogo cha kiungo kinachowekwa ndani, maana mara nyingi kimejaa chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Soseji zilikuwa jambo jingine. Orodha yake ilimchosha hata Mkaguzi. Humo mlikuwa na E461, kitu chenye tabia ya ajabu: huganda kikipata moto na kulegea kikipoa, ndiyo maana soseji haisambaratiki kikaangoni. Watoto walizimeza kabla sijaketi. Na si watoto wetu tu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti wa Marekani, Kevin Hall na wenzake, waliwaweka watu 20 kwenye vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na wiki mbili nyingine kwenye vyakula visivyosindikwa sana. Kwenye vile vya viwandani walikula haraka zaidi, na wakaongeza kalori kama 500 kwa siku.

Bi Kifumbu akaona ameshinda. "Kila cha kiwandani sumu," akatamka. Mke wangu, aliyekuwa anatwanga kisamvu, hakuinua hata uso. "Mama, na hiki kisamvu kibichi je?" Kimya. Majani ya muhogo mabichi yana sumu ya sianidi, na kuyatwanga na kuyachemsha sana ndiko kunakoiondoa. Kinu nacho kinasindika. Kwa hiyo swali la haki kwa kila chakula, kiwe cha kinu au cha mashine, ni hili: kimeondolewa nini, kimetiwa nini, na kwa kazi gani?

Tena kuna cha kutiwa ambacho Bosi anakihitaji kweli. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Asiyegusa kitu cha mnyama lazima aipate kwenye chakula kilichoongezwa au kwenye vidonge. Mkaguzi alipekua pakiti zote, hakuiona. Mama mtu akamsogezea mwanawe sahani ya kamba wakavu, asiseme neno. Bosi alikula, akaongeza, na hatukumcheka, maana anaipenda afya yake na sisi tunampenda yeye.

Sheria za nyumba sasa zimepitishwa na wanawake watatu wa vizazi vitatu. Soya inaruhusiwa, kipakiti chake cha kiungo hapana. Soseji ni za sikukuu. Pakiti yoyote isomwe kwa sauti kabla ya kufunguliwa, kuanzia kiambato cha kwanza, kwa kuwa cha kwanza ndicho kilichozidi kwa uzito. Na tui likunwe hapahapa, zamu ya mbuzi ikiwa yangu na ya Bosi. Ninaziunga mkono zote, na ninakusihi nawe uanze na ile ya kusoma, maana haina gharama yoyote na inamlinda kila anayekula kwako.