Mama Mkwe, Udi na Prosesa ya Pili

Ndugu yangu uliyeoa mwanamke mwenye biashara, sogea hapa tukae. Kuna wenzetu wake zao wanauza mitumba, basi wanalala juu ya mabelo. Wengine wake zao ni mama lishe, wakiamka usiku wanajikwaa kwenye masufuria. Wangu anarekodi harusi. Usoni namwita Mama Nasra, lakini kwa kuwa vikao vyote vya nyumba hii anavifungua na kuvifunga yeye, humu kwenye maandishi ataitwa Mwenyekiti.

Biashara hiyo anaifanya na mdogo wake, shemeji yangu, kijana aliyesomea umeme akaishia katikati. Namwita Nusu Injinia na mwenyewe anaitika. Harusi, kichen pati, sendofu, maulidi, hata arobaini ya watu wenye uwezo, wote wawili wapo na kamera. Sasa bibi harusi wa Dar es Salaam ana tabia moja: analipa advansi, anaolewa, anapotea. Anakuja kuibuka siku ndoa imenoga sana au imeharibika sana, anapiga simu saa nne usiku, "Dada, ile video yangu bado unayo?" Lazima iwepo. Ndiyo maana diski za kuhifadhia zilijaa droo ya vijiko, na vijiko vikahamia kwenye kikombe changu cha chai.

Nusu Injinia akaleta wazo. Wazo la huyu bwana halijawahi kufika kwetu bila bajaji nyuma yake. Safari hii bajaji ilishusha seva: Dell PowerEdge R720, toleo la mwaka 2012, mtumba wa Dubai uliopitia Kariakoo, chuma cha kilo zaidi ya ishirini ambacho hakuna meza ya nyumba hii iliyokitosha. Kikapanda juu ya friza, friza ikapoteza haki ya kufunguliwa, na samaki waliokuwemo wakaliwa kwa dharura na majirani.

Mama mkwe alikuwepo. Mama mkwe wangu yupo daima. Huyu namwita CAG, kwa sababu ukinunua nyanya za elfu mbili yeye anahesabu nyanya. Seva ilipowashwa mara ya kwanza, feni zake zikaanza kwa kasi zote, kama seva zote zinavyofanya zikiamka. Tunakaa Yombo Vituka, jirani na uwanja wa ndege, tumezoea kunyamaza katikati ya sentensi mpaka ndege ipite. CAG akanyamaza, akangoja. Akaangalia dari. Akangoja tena. Alipogundua kwamba hiyo ndege imeegeshwa juu ya friza, akasema, "Baba Nasra, hiki kitu kinalala hapa?" Nikamjibu, "Shikamoo mama," maana sikuwa na jibu lingine.

Tukafika kwenye memori. Seva ilikuja na prosesa moja, na Nusu Injinia akanunua vipande vingine vya memori akavipachika upande uliokuwa wazi. Mashine ikawaka, lakini memori mpya haikusomeka hata kipande. Akaanza kumlaumu muuzaji. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ugonjwa wetu walimu ni kusoma maelekezo, nikamwambia muuzaji hana kosa. Matundu ya memori kwenye R720 yako 24, 12 ya prosesa ya kwanza na 12 ya prosesa ya pili. Prosesa ya pili isipokuwepo, yale ya kwake hayaamki hata uyajaze dhahabu. Nikaongeza kwamba ni kama nyumba ya mitala: huwezi kupika kwenye jiko la bi mdogo ambaye bado hujamuoa. Nilidhani nimeeleza vizuri. Mwenyekiti akataka kujua mfano huo nimeutoa wapi, na kwa nini umenijia upesi hivyo.

Basi ikawa lazima bi mdogo aolewe. Na lazima afanane na bi mkubwa kila kitu, maana prosesa mbili za mashine moja zinatakiwa ziwe za namba ileile. Yetu ilikuwa Xeon E5-2650. Nusu Injinia akaleta 2640, akasema tofauti ni kumi tu. Akarudishwa.

Wakati anarudishwa alipita baba mkubwa wangu, mstaafu wa serikali, ambaye ukoo mzima tunamwita Azimio kwa sababu hajawahi kulisamehe taifa kwa kuliacha lile la Arusha. Akaizunguka seva mikono ikiwa nyuma, akatukumbusha kwamba Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, ikaleta kizaazaa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. "Mwalimu alijua," akasema. Bara hatukuwa hata na televisheni mpaka mwaka 1994, akaendelea, na watu walioa, wakazaa, harusi zao wakazikumbuka kwa kichwa. Mwenyekiti akamwongezea chai. Mzee akimsifu Mwalimu huwa hanywi chini ya vikombe vitatu.

Vifaa sahihi vikaja Alhamisi kwenye mfuko wa kaki: prosesa ndani ya kijisanduku cha plastiki, bomba dogo la pesti, na hitisinki, lile pande la kupozea lenye mapezi ya alumini yaliyosimama wima juu ya mirija ya shaba. Nikaviweka juu ya kabati la vyombo, nikamwambia kila mtu asiguse. Nadhani unajua maneno hayo yanafanya nini kwenye nyumba yenye watu.

Alhamisi jioni CAG hufukiza nyumba. Chetezo chake cha udongo kilikuwa na ufa. Niliporudi kutoka msikitini nikakuta moshi mzuri umetanda sebuleni, na makaa matatu mekundu yamekaa juu ya mapezi ya hitisinki, udi unayeyuka unachuruzika katikati ya bati.

"Mama, hicho ni cha kompyuta."

"Kazi yake nini?"

"Kuondoa moto."

"Basi kinajua kazi. Chini pana uvuguvugu tu, hata kitambaa hakijaungua. Shika uone."

Nikashika. Palikuwa na uvuguvugu tu kweli. Hapo ndipo ulipo uonevu wa mama mkwe huyu: akiharibu kitu, anakiharibu kwa kanuni sahihi za fizikia.

Nusu Injinia alikisugua kwa spiriti na mswaki ambao hadi leo hatujajua ulikuwa wa nani. Masizi yakatoka. Utomvu wa udi ulioingia kwenye mizizi ya mapezi ukagoma, na tukakubaliana uachwe, mradi upande wa chini, ule wa kulalia prosesa, unang'aa.

Siku ya kufunga nikasema kwa sauti, "Tuchomoe umeme kwanza." Nilimaanisha waya wa seva. CAG akaenda kuzima swichi kubwa ya nyumba nzima. Yeye kwenye umeme habishiwi: ni Mndengereko wa Rufiji, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, mashine tisa zenye jumla ya megawati 2,115, anaona kila taa inayowaka Temeke inawaka kwa hisani ya ukoo wao. Kwa hiyo feni ya dari ikasimama, tukafanya upasuaji kwa tochi ya simu katika joto la Machi. Maelekezo yanaonya sana juu ya umeme unaojikusanya mwilini. Yanasema gusa chuma kwanza. Kwa unyevu wa Dar umeme huo haupati hata pa kukaa. Hatari yetu ilikuwa jasho la Nusu Injinia, tone moja lililoning'inia puani pake juu ya soketi iliyo wazi. Soketi hiyo ina sindano 2,011 za rangi ya dhahabu, nyembamba mno, na ukipinda chache tu umenunua mazabodi nyingine. Mwenyekiti akampangusa pua kwa ncha ya khanga.

Kwa haki yake, mkono wa kijana ni mwepesi. Alifungua vyuma viwili vya kubania, akatafuta ile pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa, akailinganisha na alama ya soketi, akaiachia ikae yenyewe bila kuisukuma. Akafunga. Akanyoosha mkono nyuma kama daktari, "Pesti."

Pesti haikuwepo. Bomba lilikuwepo, bapa kabisa. Kitinda mimba wetu, ambaye kwa barabara anazochimba uani namwita Waziri wa Ujenzi, alikuwa ameona rangi ya fedha akapaka paa la gari lake la maboksi. Lilipendeza, sikatai. Nasra akashauri dawa ya meno, kaona kwenye simu watu wakipaka. Inafanya kazi kweli, kwa muda. Ikikauka joto linabaki palepale. Baraza likajadili dawa ya meno kwa urefu, CAG akachangia kwamba ya karafuu ndiyo bora, kisha Mwenyekiti akanitazama mimi. Nikavaa viatu nikaenda Kariakoo.

Niliporudi kazi ikaisha haraka. Tone la pesti katikati, hitisinki juu yake, skrubu nne zikakazwa kidogo kidogo kona kwa kona ili isilalie upande. CAG akarudisha umeme wa kwao. Ndege ikaruka, ikatulia, na kwenye kioo memori yote ikasomeka. Nusu Injinia akalia kidogo, akasema ni moshi.

Sasa seva inakaa chumbani kwetu, sisi tunalala sebuleni. Video zikishughulishwa sana prosesa ya pili inapata moto, hitisinki inapata moto, na feni zinapuliza harufu ya udi nyumba nzima. CAG anasema mashine haijagoma tangu ilipofukizwa, na sina ushahidi wa kumpinga. Wateja wanaulizia tunapata wapi udi wa kudumu hivyo.

Lililobaki ni LUKU. Mashine inakula kama wati 150 usiku na mchana, piga hesabu: uniti 108 kwa mwezi, yenyewe peke yake. Tulikuwa kundi la watumiaji wasiozidi uniti 75, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Tumehamishiwa kwa wakubwa, kwenye shilingi 292. Kwa hiyo ukija kututembelea usihangaike kubisha hodi, kwa hizo feni hatukusikii. Piga simu ukifika getini. Na ukiona uzito kuja mikono mitupu, usilete matunda. Nitakutumia namba ya mita.